Faragha na mtandao katika sarafu za kidijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: wanaotumia sarafu za kidijitali na wanaoziunda. Tumeyaweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu faragha ya mtumiaji huamuliwa na msanidi, mara nyingi miaka mingi kabla mtumiaji hajapakua pochi, yaani programu ya kushika na kutuma sarafu. Utaona jambo moja likijirudia: hesabu nzuri ndani ya leja, yaani daftari la pamoja la miamala yote, haimwokoi mtu ambaye mtandao umeshamtaja.

Bitcoin haina majina ya watu. Hiyo si faragha ya kutosha?

Haitoshi. Leja ya Bitcoin imekuwa wazi tangu bloku (kifungu cha miamala) ya kwanza ya tarehe 3 Januari 2009, na muamala wowote uliowahi kuingia humo unasomeka kwa yeyote mwenye kompyuta. Jina halimo, lakini anwani imo, kiasi kimo, na wakati umo. Anwani ni jina la kupanga tu. Likiunganishwa na mtu halisi hata mara moja, historia yake yote ya nyuma hufunguka pamoja nalo.

Agosti 2016 wadukuzi waliiba bitcoin 119,754 kutoka soko la Bitfinex. Sarafu zile zilizungushwa huku na huko kwa miaka, na bado Februari 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kukamata zaidi ya 94,000 kati yake, zenye thamani ya takriban dola bilioni 3.6 wakati huo. Leja haikusahau hatua hata moja. Mwizi amestahili. Lakini leja haimfuatilii mwizi tu. Mfanyakazi anayepokea mshahara wake kwa bitcoin naye anaonekana vilevile, na kwa undani uleule.

Wachambuzi huunganishaje anwani na mtu?

Mwaka 2013 Sarah Meiklejohn na wenzake walionyesha kwamba kanuni chache za kukisia zinatosha kufika mbali sana. Ya kwanza: anwani zinazotumiwa pamoja kulipia muamala mmoja huenda ni za mtu mmoja. Ya pili: katika malipo yenye matokeo mawili, moja kwa kawaida ni chenji inayorudi kwa mlipaji, na mara nyingi inatambulika. Kisha watafiti wale wakafanya miamala yao wenyewe na huduma mbalimbali ili wajue anwani zipi ni za nani. Vishada vya anwani visivyo na jina vikapata majina.

Leo kazi hiyo ni biashara kamili. Masoko ya kubadilishia sarafu hudai kitambulisho, kwa hiyo kila anayeweka au kutoa fedha huko ameacha alama inayojulikana. Kwenye Ethereum, mtandao mwingine mkubwa wa sarafu za kidijitali, mambo ni mabaya zaidi, maana watu wengi hutumia anwani ileile moja kwa kila kitu: akiba, manunuzi, kura, hata jina la kujitambulisha hadharani.

Sina cha kuficha. Kwa nini nijali?

Kwa sababu kila unayemlipa anaweza kuona salio la anwani uliyomlipia na kufuatilia ilikotoka fedha. Mpangaji akimlipa mwenye nyumba, mwenye nyumba anajua mpangaji ana kiasi gani kabla ya kupandisha kodi. Mshindani wa biashara anahesabu wateja wako.

Na kuna hatari ya mwili. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa kampuni ya Ledger, inayotengeneza pochi za kifaa, zilivuja: majina, anwani za makazi na namba za simu za watu wapatao 272,000. Orodha kama hiyo, ikiwekwa karibu na leja iliyo wazi, inamwonyesha mhalifu nyumba ya kuvamia na kiasi cha kudai. Utekaji wa wenye kripto umekuwa jambo la kweli. Januari 2025 mmoja wa waanzilishi wa Ledger alitekwa nchini Ufaransa pamoja na mwenzi wake, na watekaji wakadai walipwe kwa kripto. Anayesema faragha ni ya wahalifu hajajiuliza mhalifu mwenyewe anafaidikaje na uwazi.

Watu husema "tabaka la mtandao". Ndilo lipi, na linavujisha nini?

Hili ndilo swali tunalotamani liulizwe kwanza, na huulizwa mwisho.

Sarafu ya kidijitali ina sehemu mbili zinazogusa faragha. Ya kwanza ni leja yenyewe, yaani kile kinachoandikwa na kubaki milele. Ya pili ni safari ya ujumbe kutoka kwenye pochi yako hadi kwa wachimbaji au wathibitishaji, ambao ndio wanaoandika bloku. Muamala hauruki kwenda kwenye bloku. Unapita kwenye intaneti ya kawaida, kutoka nodi moja (kompyuta inayoshiriki mtandao) hadi nyingine, na kila nodi inayounganishwa nawe inaiona anwani yako ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti. Nodi ya Bitcoin ikipokea muamala mpya huwatangazia majirani zake, nao majirani zao, na ndani ya sekunde chache habari imeenea.

Sasa fikiria mtu aliyepanda nodi nyingi za kusikiliza, zilizounganishwa na karibu kila nodi inayofikika. Zikirekodi nani alitangaza muamala upi kwanza, anapata kisio zuri la mahali ulipoanzia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Luxembourg walionyesha kwamba hata mtumiaji aliye nyuma ya ruta ya nyumbani anaweza kutambuliwa kwa kuangalia seti ya majirani anaowategemea. Kwa kazi hiyo hakuna hesabu ya kuvunja wala ufunguo wa kuiba; kusikiliza kunatosha.

Kwa miaka mingi mazungumzo kati ya nodi za Bitcoin hayakusimbwa (hayakufungwa kwa siri) kabisa, kwa hiyo kampuni ya intaneti iliweza kusoma kila kitu kikipita. Hilo lilirekebishwa na pendekezo la BIP324: liliingia kwenye Bitcoin Core, programu kuu ya nodi za Bitcoin, toleo la 26.0 mwishoni mwa 2023 kama chaguo, na kuanzia toleo la 27.0 la 2024 linawashwa lenyewe. Haliwathibitishi majirani ni akina nani, kwa hiyo anayejipenyeza katikati kwa makusudi bado anaweza kusoma. Lakini anayesikiliza tu pembeni sasa amezibwa masikio, na huyo ndiye aliyekuwa na kazi rahisi kuliko wote.

Mfano unaouma ni wa Grin. Sarafu hiyo ilizinduliwa Januari 2019 juu ya muundo wa Mimblewimble, muundo unaoficha viasi na kuondoa anwani kabisa kwenye leja. Kwenye karatasi ni mzuri mno. Novemba mwaka huohuo mtafiti mmoja alieleza kwamba kwa kukodi seva za wingu kwa takriban dola 60 kwa wiki aliweza kuunganisha watumaji na wapokeaji katika asilimia 96 ya miamala aliyoinasa. Wasanidi wa Grin walipinga jinsi matokeo yale yalivyotangazwa, na walikuwa na hoja: kinachounganishwa ni miamala, si watu kwa majina. Hata hivyo kiini kilibaki. Mimblewimble huchanganya miamala ndani ya bloku ili isitenganishwe, lakini aliyesikiliza mtandao aliiona mmojammoja kabla haijachanganywa.

Dandelion ni nini?

Ni njia ya kusambaza miamala iliyopendekezwa mwaka 2017 na kuboreshwa mwaka uliofuata kwa jina la Dandelion++. Badala ya nodi kuwatangazia majirani wote papo hapo, humpa muamala jirani mmoja tu, naye jirani mmoja, na hivyohivyo kwa hatua kadhaa zisizotabirika. Kisha nodi fulani njiani huamua kuutangaza kwa wote. Msikilizaji anaona tangazo likilipuka mahali ambapo muamala haukuanzia.

Monero, sarafu iliyoundwa kwa ajili ya faragha, ilichukua Dandelion++ mwaka 2020. Grin ilikuwa na Dandelion tangu kuzinduliwa, na bado utafiti tuliotaja ulifanyika, maana nodi nyingi za kupeleleza zinaweza kukaa kwenye njia hiyo ya mwanzo pia. Dandelion hupandisha gharama ya upelelezi. Haiufuti.

Nodi ni nini hasa, na ni lazima niwe nayo?

Nodi ni kompyuta inayoshika leja, kukagua kanuni na kuzungumza na nodi nyingine. Si lazima uwe nayo ili utumie sarafu. Lakini usipokuwa nayo unatumia ya mtu mwingine, na mtu huyo anaona unachouliza.

Hapa ndipo faragha nyingi hupotea bila mtu kujua. Pochi ya simu ikifunguliwa huuliza seva fulani: anwani hizi zangu zina salio gani? Kwa swali hilo moja seva imejua anwani zako zote ni za mtu mmoja, na IP yake ni hii. Mchambuzi wa leja angehitaji wiki za kukisia ili apate kile ambacho pochi imekitoa kwa hiari. Novemba 2022 kampuni ya ConsenSys ilifafanua kwenye sera yake kwamba mtumiaji wa MetaMask, pochi ya Ethereum, anayepitia Infura, huduma ya nodi iliyowekwa tangu mwanzo, anakusanyiwa anwani ya IP na anwani ya pochi anapotuma muamala. Watu walishtuka. Kiufundi hakukuwa na jipya: mtoa huduma wa RPC yeyote, yaani mwenye nodi inayojibu maswali ya pochi za wengine, anaweza kuona hayo, hata asipoyaandika kwenye sera.

Bitcoin iliwahi kujaribu njia ya kati kwa vichujio vya Bloom, ambapo pochi nyepesi ilituma kichujio chenye ukungu badala ya orodha kamili ya anwani. Ukungu ule uligundulika kuwa mwembamba mno, na tangu Bitcoin Core 0.19 huduma hiyo huzimwa isipowashwa kwa makusudi. Njia bora iliyofuata, BIP157 na BIP158, iligeuza mwelekeo: seva hutoa muhtasari mmoja wa kila bloku kwa watu wote, pochi hukagua yenyewe, kisha huomba bloku nzima pale inapoona dalili ya kinachoihusu. Seva haijui ni muamala upi ndani ya bloku uliokuwa ukitafutwa.

Kuendesha nodi ya Bitcoin si kazi ya kampuni. Leja nzima ni mamia ya gigabaiti, lakini hali ya kupogoa huruhusu nodi ipakue na kukagua kila kitu kisha ibaki na bloku za karibuni tu, hadi kiwango cha chini cha megabaiti 550. Inakagua sawasawa na nodi kubwa.

Nikiweka nodi yangu kwenye seva ya wingu, nimemaliza?

Umepiga hatua, lakini umemhamishia mtoa wingu uwezo wa kukuona na kukuzima. Novemba 2022 kampuni ya Hetzner ilizima seva za wathibitishaji wa mtandao wa kripto wa Solana zaidi ya 1,000, kwa kuwa masharti yake hayaruhusu kazi za kripto. Karibu moja ya tano ya hisa (sarafu zilizowekwa dhamana) iliyokuwa ikithibitisha mtandao ilitoweka kwa uamuzi wa kampuni moja. Mtandao uliendelea kufanya kazi. Ungekuwa umerundikana zaidi hapo, usingeendelea.

Tukio jingine la kukumbukwa ni la tarehe 11 Novemba 2020. Infura ilikuwa ikitumia toleo la zamani la Geth, programu ya nodi za Ethereum, na hitilafu ikaifanya ifuate tawi tofauti la mnyororo wa bloku. MetaMask ikayumba, na masoko kadhaa, Binance likiwemo, yakasimamisha utoaji wa ether, sarafu ya Ethereum. Mtandao unaojivunia kutokuwa na kitovu uligundua kwamba una kitovu ambacho hakikuandikwa popote kwenye itifaki.

Tor inatosha? Na VPN?

VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva yake, huhamisha imani. Kampuni ya intaneti haioni unachofanya, lakini mwenye VPN anaona.

Tor ni bora zaidi kwa kazi hii kwa sababu hupitisha ujumbe kwenye vituo vitatu, na hakuna kituo kimoja kinachojua mtumaji na mwisho wa safari kwa pamoja. Bitcoin Core imekubali anwani mpya ndefu za Tor tangu toleo la 0.21 la mwaka 2021, na I2P, mtandao mwingine wa kuficha IP, tangu 22.0. Monero pia inaweza kutangaza miamala kupitia Tor au I2P huku nodi ikiendelea kupokea bloku kwa njia ya kawaida, mpango ambao tunaupenda kwa sababu unalinda kile hasa kinachohitaji kulindwa.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, vituo vya kutokea vya Tor, ambako ujumbe hurudi kwenye intaneti ya kawaida, vinaweza kuwa vya adui. Mwaka 2020 kundi moja lilifikia kushika karibu robo ya uwezo wa kutokea, likawa linavua usimbaji kwenye tovuti za kripto ili libadilishe anwani za malipo. Miunganisho inayoishia ndani ya Tor, kwa anwani za onion, haipiti kwenye vituo hivyo. Pili, nodi inayozungumza kwa Tor peke yake iko hatarini kuzingirwa. Kutengeneza anwani za onion ni bure, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kujifanya majirani mia na kukuonyesha mtandao wa uongo. Heilman na wenzake walieleza shambulio la kuzingira nodi ya Bitcoin mwaka 2015, na baadhi ya kinga walizopendekeza zimo kwenye programu leo. Mwenye nodi ya Tor ni vyema awe na njia ya pili ya kupata bloku.

Tor pia haikuundwa kumzuia anayeweza kutazama ncha zote mbili kwa wakati mmoja na kulinganisha saa. Kwa adui huyo kuna mitandao ya kuchanganya, wazo la David Chaum la mwaka 1981: vituo hushikilia ujumbe, huchelewesha, huvuruga mpangilio, na huongeza ujumbe bandia. Nym, uliozinduliwa 2022, ni wa aina hiyo. Bei yake ni ucheleweshaji, na kwa malipo yanayosubiri bloku kwa dakika kadhaa ucheleweshaji wa sekunde chache unavumilika kabisa. Ndiyo maana tunaona kripto ni mahali pazuri pa mitandao hiyo kuliko mazungumzo ya video.

Monero inaficha vipi?

Kwa vitu vitatu. Mpokeaji hufichwa na anwani za mara moja: kila malipo huenda kwenye anwani mpya ambayo mpokeaji pekee anaweza kuitambua. Mtumaji hufichwa na sahihi za pete: sarafu halisi inayotumiwa huwekwa kati ya nyingine za kusingizia, na tangu Agosti 2022 pete ina 16 kwa jumla. Kiasi hufichwa na RingCT, iliyoanza Januari 2017 na kuwa lazima Septemba mwaka huo.

Nguvu yake kuu ni kwamba haya ni ya lazima kwa kila mtu. Ilipokuwa hiari, katika miaka ya mwanzo, miamala mingi haikuwa na sarafu za kusingizia hata moja, na watafiti wakaonyesha kwamba uvivu wa wengine uliwafichua hata waliojificha vizuri. Udhaifu wake ni kwamba 16 ni namba ndogo. Wasanidi wanafanyia kazi badiliko la kuiondoa pete na kuthibitisha uanachama ndani ya sarafu zote zilizowahi kuwepo kwenye mnyororo.

Na Zcash?

Zcash, sarafu nyingine ya faragha iliyozinduliwa 28 Oktoba 2016, hutumia uthibitisho wa maarifa sifuri, wazo lililoanzishwa na Goldwasser, Micali na Rackoff mwaka 1985: kumthibitishia mtu kwamba kauli ni ya kweli bila kumwambia kitu kingine. Muamala uliokingwa huthibitisha kwamba sarafu ipo, ni yako na haijatumika, bila kuonyesha ni ipi. Hapa kundi unalojificha ndani yake ni kila sarafu iliyowahi kuingia kwenye hifadhi ile ya kinga. Kwa hesabu tupu, ni nguvu kuliko pete.

Lakini ni hiari, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya watu walitumia anwani za wazi. Sababu mojawapo ilikuwa uzito: uthibitisho wa kwanza ulihitaji zaidi ya gigabaiti 3 za kumbukumbu, kiasi ambacho simu nyingi hazikuwa nacho. Badiliko la Sapling la Oktoba 2018 lilishusha hadi takriban megabaiti 40. Badiliko la Mei 2022 likaondoa pia ile sherehe ya mwanzo ya kutengeneza vigezo vya siri, ambayo usalama wake ulitegemea angalau mshiriki mmoja awe ameharibu sehemu yake kwa uaminifu.

Kama kiasi kimefichwa, tunajuaje hakuna anayejichapishia sarafu?

Hofu hii ni halali kabisa, na hatupendi inapopuuzwa.

Viasi hufungwa kwa ahadi za kihesabu zenye sifa ya pekee: unaweza kuzijumlisha bila kuzifungua. Nodi hukagua kwamba vilivyoingia vinalingana na vilivyotoka, na uthibitisho wa ziada huonyesha kwamba hakuna kiasi hasi kilichofichwa ili kuzalisha sarafu kutoka hewani. Uthibitisho wa aina ya Bulletproofs, ulioingia Monero Oktoba 2018, ulipunguza ukubwa wa miamala kwa takriban asilimia 80.

Hata hivyo, makosa hutokea. Mwaka 2017 wasanidi wa Monero walitangaza kwamba itifaki ya CryptoNote, ambayo Monero ilitokana nayo, ilikuwa na dosari iliyowezesha kuunda sarafu bila kikomo. Wao walikuwa wameshaiziba kimyakimya. Bytecoin, sarafu yenye asili hiyohiyo, ilidhurika. Machi 2018 Ariel Gabizon aligundua kosa katika hesabu ya Zcash ambalo lingeruhusu kughushi sarafu zilizokingwa. Watu wachache sana waliambiwa, likarekebishwa ndani ya Sapling, na umma ukaelezwa Februari 2019. Zcash hulinda jumla yake pia kwa kuhesabu kinachoingia na kutoka kwenye hifadhi ya kinga: hakiwezi kutoka zaidi ya kilichoingia. Kwenye leja ya wazi kosa kama hilo lingeonekana mapema. Anayechagua faragha anachagua pia kutegemea ukaguzi wa kina wa msimbo, na miradi isiyolipia ukaguzi huo haifai kuaminiwa na fedha za watu.

Vichanganyio vya sarafu ni kitu kilekile?

Hapana. Hivyo huongeza faragha juu ya leja iliyo wazi. CoinJoin, wazo la Gregory Maxwell la 2013, huwaunganisha watu kadhaa kwenye muamala mmoja wenye matokeo ya kiasi sawa, ili isijulikane lipi ni la nani. Tornado Cash, kwenye Ethereum, ilitumia mkataba janja (programu inayojiendesha kwenye mnyororo): unaweka kiasi maalumu, kwa mfano ether 1 au 10, kisha baadaye unatoa kwenye anwani mpya kwa uthibitisho wa maarifa sifuri.

Kuna jambo dogo hapo linalofundisha mengi. Anwani mpya haina ether ya kulipia ada ya kutoa fedha. Ukiituma kutoka anwani yako ya zamani, umejiunganisha mwenyewe. Ndiyo maana walihitajika wapelekaji wanaolipa ada kwa niaba yako na kujikata malipo humo humo. Asiyejua hilo aliharibu kila kitu kwa senti chache za ada.

Lightning inaongeza faragha?

Lightning hupitisha malipo ya Bitcoin nje ya leja, kwa chaneli zinazounganisha nodi mbilimbili. Kwa mtumaji, ndiyo: kila nodi njiani inamjua tu aliyetangulia na anayefuata. Kwa mpokeaji ni kidogo, maana ankara ya kawaida hutaja nodi yake. Njia zilizofumbwa zinazokuja na ankara mpya za BOLT12 zinaziba pengo hilo. Kufungua na kufunga chaneli bado huonekana kwenye leja.

Teknolojia hizi ni halali?

Hutegemea nchi na unachofanya, na sheria zimebadilika haraka. Agosti 2022 Marekani iliiwekea Tornado Cash vikwazo. Novemba 2024 mahakama ya rufaa ya huko iliamua kwamba mikataba janja isiyobadilishika si mali inayoweza kuwekewa vikwazo kwa sheria iliyotumika, na Machi 2025 vikwazo viliondolewa. Wasanidi wenyewe hawakupata nafuu hiyo: Alexey Pertsev alihukumiwa Uholanzi miezi 64 jela mnamo Mei 2024, na Roman Storm alipatikana na hatia ya shtaka moja New York Agosti 2025, huku baraza la wazee wa mahakama likishindwa kuafikiana kuhusu mengine. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni itakayowazuia watoa huduma za kripto, kuanzia Julai 2027, kushika sarafu zinazoficha utambulisho. Binance iliondoa Monero Februari 2024.

Msimamo wetu: kuandika msimbo wa kulinda faragha si uhalifu, na kuwafanya wasanidi wawajibike kwa kila atakayetumia msimbo huo kutawaacha watu wa kawaida bila kinga huku wahalifu wakijitengenezea zao. Mapendekezo kama Privacy Pools, ambamo mtumiaji huthibitisha kwamba fedha zake hazitoki kwenye kundi la zilizoibwa bila kusema zinatoka wapi, yanastahili kujaribiwa kwa dhati.

Mtandao ukitekwa njiani, pochi yangu itajua?

Si kila mara. Tarehe 24 Aprili 2018 wavamizi walitangaza njia za uongo za intaneti kwa kutumia BGP, itifaki inayoelekeza data kati ya mitandao, wakateka majibu ya DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa IP) ya Amazon, na waliokwenda MyEtherWallet, tovuti ya pochi ya Ethereum, wakafikishwa kwenye tovuti ya bandia. Takriban dola 150,000 ziliibwa. Kivinjari kilitoa onyo la cheti. Waliopoteza ni waliobofya kuendelea. Onyo la cheti kwenye tovuti ya fedha ni amri ya kuondoka.

Hata kupakua kuna hatari yake. Novemba 2019 tovuti rasmi ya Monero ilidukuliwa na faili za pochi zikabadilishwa. Aliyegundua ni mtumiaji aliyelinganisha alama ya hashi (namba inayotambulisha faili) na kuona hailingani.

Ninaunda pochi. Nianze wapi?

Anza kwa kutazama pochi yako inazungumza na nani. Iwashe kwenye mtandao ulio tupu, nasa pakiti zote kwa programu ya Wireshark, kisha ueleze kila muunganisho. Utashangaa. Bei ya sarafu inaombwa kwenye seva ya mtu wa tatu. Picha ya NFT inapakuliwa kutoka seva ya aliyeituma, naye anapata IP ya mpokeaji bila kuomba. Kifaa cha kuripoti hitilafu kinabeba anwani ndani ya ripoti. Hayo yote huondolewa bila kugusa itifaki.

Kisha mruhusu mtumiaji aweke nodi yake kwa hatua chache, pasipo kumficha chaguo hilo kwenye menyu ya nne. Kama ni lazima utumie seva, usiulize anwani zote kwa pamoja kwenye muunganisho mmoja. Tenganisha njia za Tor kwa kila anwani. Usirudie anwani. Angalia pia alama ambazo pochi yenyewe huacha kwenye miamala: mpangilio wa matokeo, namba ya toleo, namna ya kukadiria ada. Pochi inayofanya tofauti na nyingine zote humtambulisha mtumiaji wake hata asipokosea lolote. Na chaguo la faragha liwe ndilo la mwanzo. Wengi hawatabadilisha kitu baada ya kusakinisha, na wachache watakaobadilisha watajitenga kwenye kundi dogo linaloonekana.

Kilichofichwa leo kitabaki kimefichwa?

Hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Leja hubaki, na mbinu za kuisoma huboreka. Kompyuta za kwanta zenye nguvu ya kutosha zikipatikana, ufichaji unaotegemea hesabu za mikunjo ya duaradufu, kama ule wa Monero wa sasa, unaweza kufunguliwa kwa miamala ya zamani pia. Faragha ya mtandao ni tofauti kidogo: IP ambayo hakuna aliyeirekodi siku ile haiwezi kupatikana miaka ishirini baadaye.

Nodi yangu iko nyuma ya ruta na haipokei miunganisho kutoka nje. Ina maana yoyote?

Inayo. Inakagua kanuni kwa ajili yako na pochi yako haiulizi mtu mwingine salio lake. Ukitaka kuwasaidia wengine pia bila kufungua mlango kwenye ruta, iwashe kama huduma ya onion. Tor itapokea miunganisho kwa niaba yake.